Pale Karatasi Ilipoishia

Jumamosi, 9 Septemba 1972

Apollinaire ameondoka leo na ndege ya saa nne asubuhi. Nimemsindikiza mpaka uwanja wa ndege wa Kavumu, nimesimama nyuma ya uzio pamoja na wake za wanajeshi, nimepunga kitambaa mpaka bega likauma, na sijui kama ameniona. Alikaa upande wa pili wa ndege. Ndivyo alivyo huyu mtu, hata dirisha la kunipungia mkono hakulitafuta.

Aliyemwita Kinshasa ni bwana mmoja wa studio aliyetusikia mwezi wa saba tukiimba kwenye arusi kule Ibanda. Alitutaka wote wawili. Tikiti ikaja moja.

"Nitakutumia yako mbele mwezi iishe," Apollinaire ameniambia pale uwanjani. "Nikishajua studio, nikishajua batu, unakuja. Bila weye hakuna wimbo, Domi."

Nimemwamini. Ninaandika hapa kwamba nimemwamini kwa sababu mama yangu ameniuliza mara tatu tangu nirudi, na mara ya tatu nimemjibu vibaya.

Vitu vyetu vya kazi vilikuwa viwili, tumegawana. Yeye amechukua daftari la nyimbo. Mimi nimebaki na sahani ya muziki.

Jumapili, 10 Septemba

Baada ya misa nimeipeleka sahani kwa Papa Grégoire, jirani yetu hapa Kadutu, Bukavu. Ni dereva mstaafu, na kwenye avenue yetu ndiye peke yake mwenye fono ya kuchezea sahani, na redio kubwa anayoiweka dirishani ili watu wote wasikie, watake wasitake. Nimesikiliza upande wa pili wote, nimekaa kwenye kiti alichokalia Apollinaire tukijifunza hapo. Kiti changu kilikuwa wazi, lakini nilitaka kile.

Sahani yenyewe ni ya Wamarekani weusi, mume na mke. Walichukua nyimbo za rock za vijana wa kizungu, nyimbo zilizokwisha kujulikana dunia nzima, wakaziimba upya kwa namna yao, na zikapendwa mara ya pili kuliko ya kwanza. Dunia nzima ilizijua isipokuwa sisi. Sisi tulizisikia kwanza kwa hawa wawili. Mwaka jana Frère Lucien, mtawa Mbelgiji anayefundisha kuimba kwenye shule ninayofundisha mimi, alituchezea sahani ya wale vijana wenyewe, na Apollinaire alicheka mpaka akashika tumbo.

"Bazungu baliiba wimbo, kisha balimupika bila chumvi!"

Frère Lucien ni mtu wa tarehe. Alituonyesha kwenye majalada: wazungu walitangulia miaka miwili. Tulibishana naye mpaka jioni. Mimi hata leo sijakubali kabisa. Wimbo ni wa yule uliyemsikia kwanza, moyo hausomi tarehe.

Basi tukasema, kama Wamarekani waliweza kuwafanyia wazungu hivyo, na sisi tutawafanyia Wamarekani. Tukachagua wimbo wa tatu wa upande wa pili. Kiingereza hatukijui. Nilikaa hapo hapo mbele ya fono nikaandika sauti jinsi zilivyoingia sikioni, kisha tukatupa maneno yote tukabaki na mwendo. Apollinaire akafanya gitaa lifuate vidole vya wazee wa Bushi wanaopiga lulanga, zeze la kwetu. Mimi nikaweka maneno ya Kiswahili na ya Kimashi: mwanamke anamwambia mtu wake aliye safarini kwamba maharage yamepandwa, arudi kabla hayajakauka.

Beti ya pili haikuenea kwenye ukurasa wa daftari. Neno "nitakungojea" liliangukia mwisho wa karatasi, nusu yake huku, nusu upande wa pili. Wakati wa kujifunza niligeuza karatasi, na nilipogeuza nilivuta pumzi. Ikawa mazoea. Karatasi iwepo isiwepo, nikifika hapo katikati ya neno, pumzi inakuja yenyewe. Apollinaire kwanza alinigombeza, kisha akazoea, kisha akasema hapo ndipo wimbo unapouma.

Ijumaa, 15 Septemba

Mvua ya kwanza. Kesho tunakwenda shambani Nyantende kupanda.

Jumamosi, 16 Septemba

Tumepanda maharage, mama na mimi, matope mpaka magoti. Maman Agathe, yaani mama yangu, anapanda huku anasema, na maneno yake yanafuata mashimo: shimo moja, neno moja. Apollinaire aliwaletea wazee kasiksi, pombe ya ndizi, ya kujitambulisha mwezi wa tano, wakainywa, wakaisifu. Ng'ombe wa mahari bado. "Subira yavuta heri," nimemwambia. Akasema heri ivutwe basi, yeye amechoka kuangalia barabara.

Jumamosi, 30 Septemba

Mwezi umekwisha. Tikiti haikuja.

Jumatano, 4 Oktoba

Mvua. Nusu ya darasa haikuja, njia ya Cimpunda imekatika. Waliokuja nimewafundisha kuimba ili wapate joto.

Jumamosi, 7 Oktoba

Barua! Ameileta Camille, binamu yangu anayepakua mizigo kwenye uwanja wa Kavumu. Kurasa mbili, na moja na nusu ni juu ya studio: ukuta umefunikwa magunia, mpiga ngoma ni mtu wa Kisangani, watu hulala mchana. Mwishoni kabisa: "Tikiti inakuya, ngoya kidogo. Niko na hamu yako." Nimesoma hiyo nusu ukurasa mpaka nimeijua kwa moyo. Hamu yangu mimi haina nusu ukurasa. Ninamtaka hapa, na koti lake linalonuka moshi, na tabia yake ya kupiga meza kwa vidole mama akisali.

Jumapili, 15 Oktoba

Maharage yameota. Camille hana barua.

Jumapili, 22 Oktoba

Nitaandika yote, kwa utaratibu, maana kichwa hakitulii.

Tulikuwa tumemaliza bugali. Nikamsikia Papa Grégoire anapiga kelele kutoka kwake kama nyumba inaungua.

"Domitille! Kuya mbio! Uko ku radio!"

Nilikimbia na kijiko mkononi. Barabara yote ilikuwa imekwisha kusimama chini ya dirisha lake. Mtangazaji alikuwa anamaliza: wimbo mpya kutoka Kinshasa, citoyen Birindwa na citoyenne Nsimire, vijana wa Bukavu. Ndiyo majina yetu. Tangu mwaka huu majina ya ubatizo yamekatazwa. Apollinaire ni Birindwa, mimi ni Nsimire, na duo yetu tuliibatiza upya siku moja na sisi wenyewe.

Gitaa likaanza. Lulanga ile ile. Nilijua kila kidole. Kisha sauti yake, chini, karibu kabisa, kama anavyoniimbia nikisuka nywele. Mwezi mmoja na nusu karibu sijaisikia ile sauti. Nilishika ukuta.

Kisha akaingia mwanamke.

Anaimba vizuri. Niandike ukweli. Ana sauti safi, ya juu kuliko yangu kidogo. Watu walikuwa wananikumbatia, Papa Grégoire ameniinulia mkono kama mshindi wa mbio za baiskeli, akina mama wanapiga vigelegele, na mimi katikati yao nasikiliza mtu mwingine akiitwa kwa jina langu. Nikasema moyoni, labda wamekosea kutangaza. Labda ni wimbo mwingine unaofanana. Mtu akizama hushika hata jani.

Beti ya pili ikafika. "Nitaku..." Akavuta pumzi. "...ngojea."

Pale pale. Pale karatasi ilipoishia.

Hakuna mtu duniani anayepumua hapo isipokuwa aliyejifunza kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu, akageuza ukurasa niliougeuza mimi. Au aliyefundishwa na mtu anayesema hapo ndipo wimbo unapouma.

"Uliimba muzuri sana, Domi," Papa Grégoire alisema, macho yamejaa maji. "Sasa Kinshasa ulienda lini? Weye muficho weye!"

Nilifungua mdomo nimwambie. Watu zaidi ya thelathini walikuwa wananitazama, na uso wa kila mmoja ulikuwa na furaha ya kweli. Nikacheka. Nikasema, "Aksanti, Papa." Basi ndivyo nilivyosema. Hakuna aliyenilazimisha.

Nilipoingia ndani, mama alikuwa ameketi anachagua mchele.

"Ule haiko weye," akasema.

"Umejuaje?"

"Mi njo nilikuzala." Akapuliza pumba. "Anaimba muzuri. Lakini hajawahi kungoya mutu."

Jumatatu, 23 Oktoba

Wasichana wa darasa langu wamenipokea kwa kuimba. Arobaini na mmoja. Directrice, mkuu wetu wa shule, ametoka ofisini kunipa mkono.

Alhamisi, 26 Oktoba

Nimemwandikia Apollinaire. Barua ya kwanza ilikuwa na matusi, nimeichana. Ya pili ilikuwa na machozi, nimeichana. Ya tatu inauliza tu: "Nsimire ni nani?"

Jumapili, 5 Novemba

Redioni tena. Mara mbili. Sasa watu wamekwisha kuujua, wanaimba naye, na wakifika pale wote wanavuta pumzi pamoja, wazee kwa watoto. Muuza dagaa wa sambaza anapumua pale. Nimemsikia mlevi huko Nyamugo anapumua pale.

Ninakwenda bado kwa Papa Grégoire kusikiliza. Nilisema sitakwenda. Lakini ili nimsikie Apollinaire lazima nimsikie na yule, wamefungwa pamoja kwenye sahani moja. Nangojea beti yake, nafumba macho, na akiingia yule nafumbua. Usiku ule ule ninamwota Apollinaire peke yake.

Jumamosi, 11 Novemba

Mvua ya mawe. Maharage yamepigwa, lakini yamesimama. Camille hana kitu. Akufukuzaye hakwambii toka.

Ijumaa, 24 Novemba

Sikukuu ya serikali, shuleni. Directrice aliniomba niwaimbie wageni "wimbo wako wa redio", na nilikuwa nimekwisha kukubali tangu siku zile za pongezi. Uongo ukiulisha siku moja, kesho unarudi na sahani mkononi.

Nimeimba, Frère Lucien akipiga gitaa. Nilipokaribia beti ya pili niliona watu mia mbili wanajitayarisha. Ningefanya nini? Nikapumua. Makofi yakapasua bati. Mke wa msimamizi mmoja akanishika mikono yote miwili: "Sawasawa kabisa na diski! Hata pale pa kupumua!"

Sawasawa na diski. Mimi, niliyeanza. Nimemshukuru kwa adabu.

Tulipokuwa tunakunja nyaya, Frère Lucien ameniuliza polepole, kwa Kiswahili chake cha kupima:

"Mademoiselle, mimi ninaandika kila siku ni nani amekosa darasa. Wewe hukukosa hata siku moja. Ulienda Kinshasa lini?"

Nikaendelea kukunja waya. Yeye na tarehe zake. Akanichukulia kiti mpaka darasani, akasema tu kwamba alikuwa ananisikia mwaka jana nikijifunza, kabla ya redio yoyote. Mwaka mzima nilimwona mtu mkavu. Nimemkosea.

Jumapili, 3 Desemba

Redio. Sikwenda. Niliisikia nyumbani hata hivyo.

Jumamosi, 9 Desemba

Miezi mitatu. Maharage yanageuka manjano.

Jumatano, 13 Desemba

Camille amekuja mbio shuleni, amevuka matope bila viatu. Bahasha nene. Ndani kuna tikiti, ya Alhamisi tarehe 21, na barua. Ninaikopi hapa nzima kwa sababu sijiamini kwamba nimeisoma sawasawa.

"Domi wangu. Unisamehe kwa kukawia. Ule dada aliimba kwa sababu studio haikutaka kungoya, na jina lilikuwa limekwisha kuandikwa. Haikuwa kitu kingine, naapa. Sasa ameolewa, ameenda Matadi. Mwezi wa kwanza tuko na konseri saba. Tikiti ni hii. Kuya, nimechoka kukaa peke yangu. Jambo moja tu: jifunze diski muzuri, kila kitu vile alifanya, kwa sababu batu ba huku bamezoea ile sauti. Zaidi pale anapumua katikati ya nitakungojea. Usisahau pale, Domi. Batu banapapenda sana. Wako, A."

Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka kwa sauti, Camille akacheka na yeye, akidhani ni habari njema. Mara ya pili nikakaa chini.

Ameisahau. Hajadanganya, hajanitukana. Amesahau tu kwamba ile pumzi ni yangu. Alinigombeza juu yake, kwenye chumba cha Papa Grégoire, mvua ikipiga bati, na mimi nikakasirika nikatoka nje nikalowa, naye akanifuata na koti lake. Siku ile ndiyo aliyoniambia ananipenda. Hiyo yote imetoka kichwani mwake, na mahali pake amekaa mwanamke wa kwenye sahani. Ningependelea awe amenidanganya.

Alhamisi, 14 Desemba

Niandike na hili, kwa kuwa daftari halinicheki: nataka kwenda. Nimetoa kitambaa kizuri sandukuni. Nimeimba mbele ya kioo kama yule, sauti juu kidogo. Ninaweza. Hata si vigumu. Ningekuwa karibu naye kila siku, gitaa lake upande wa kushoto. Watu wangapi wanaishi na kidogo kuliko hicho?

Jumamosi, 16 Desemba

Tumevuna, Nyantende. Tumeng'oa tangu asubuhi, tukayafunga mafungu, wanawake saba na mama. Walikuwa wananitania juu ya redio, wakataka niwaimbie. Nikaanza. Hakuna fono, hakuna gitaa, mikono iko kwenye mashina, na mashina hayangojei. Tulikuwa tunang'oa pamoja, kwa mwendo mmoja, na mwendo ukanibeba mpaka beti ya pili, nikapita pale karatasi ilipoishia bila kusimama. Neno zima. Nitakungojea. Lilitoka likiwa refu, sikuwa nimewahi kulisikia.

"Umekosea," akasema mmoja wao. "Mu radio iko unapumua pale."

"Mu radio haiko miye," nikasema.

Mikono ikasimama. Nikawaambia yote, hapo shambani, kuanzia tikiti moja. Yule aliyenisahihisha akasema, "Basi uanze tena, tusikie yako," na wakaanza kung'oa.

Njiani kurudi, fungu kichwani, mama ameniuliza: "Utaenda?"

"Angenihitaji mimi, ningekwenda kwa miguu. Anamuhitaji ule."

Mama alinishika mkono mpaka barabarani, mimi na miaka yangu ishirini na sita.

Jumapili, 17 Desemba

Nimekwenda kwa Papa Grégoire, nimemwambia ukweli. Niliogopa uso wake kuliko chochote. Alizima redio, akapangusa vumbi la fono kwa mkono wa shati.

"Domi, mi sijue mambo ya Kinshasa. Lakini wimbo iko ya ule nilimusikia kwanza. Na weye njo nilikusikia kwanza, hapa, mu hii nyumba, uko unakosea, uko unarudilia. Sasa utanidanganya mi dereva juu ya fasi safari ilianzia?"

Nimelia kwake kama mtoto. Amenipikia chai mbaya sana.

Jumanne, 19 Desemba

Nimempa Camille tikiti airudishe, na barua ya mistari miwili. Nimemwambia Apollinaire kwamba maharage yamekauka. Atakumbuka maneno ya wimbo, au hatakumbuka.

Alhamisi, 21 Desemba

Saa nne na dakika kumi ndege imepita juu ya shule. Wingu lilikuwa chini, hatukuiona, tulisikia tu mlio ukienda upande wa magharibi. Sikutoka nje.

Nilikuwa nafundisha wimbo. Nimewafundisha upya tangu Jumatatu, polepole, bila sahani, na nimewaandikia beti ya pili ubaoni kwa mstari mmoja mrefu, kutoka ukuta mpaka ukuta, neno lisikatike. Arobaini na mmoja, wote wamesimama. Ndege ilipokuwa bado inasikika walifika pale. Wakapita pamoja, sauti moja, hakuna hata mmoja aliyevuta pumzi.

Ni mimi tu niliyepumua.